Land Rover ya Zamani kwa Bei Kubwa: Jinsi ya Kuamua Kama Inafaa Kununuliwa

Tangu kiwanda cha Solihull nchini Uingereza kilipotoa Land Rover ya mwisho ya aina ya Defender yenye umbo lile la kale, tarehe 29 Januari 2016, bei za Land Rover kuukuu zimepanda katika nchi nyingi, na Arusha na Moshi hazikubaki nyuma. Gari ambalo zamani mwenyewe angelitoa kwa bei ya kutupa ili apate nafasi uani, leo linatajiwa mamilioni ambayo yangetosha kununua magari mawili madogo ya Kijapani. Sheria ya Marekani inayoruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingizwa nchini humo bila kukidhi masharti ya usalama ya magari mapya imeongeza wanunuzi duniani, na tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 liliwaamsha hata wale waliokuwa wamelisahau gari la baba chini ya turubai.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ameliona gari, ametajiwa bei inayouma, na anataka kujua kama alipe au aondoke. Msimamo wangu ni kwamba katika Land Rover ya zamani unalipia vitu viwili: chasisi nzima na karatasi safi. Injini, giaboksi, difu, viti na rangi vinapatikana kwa fedha na subira, lakini chasisi iliyooza na kadi yenye utata vinaweza kula bei yote ya gari kwa mara ya pili. Kwa hiyo hatua zinazofuata hazina uzito sawa, na msomaji asishangae nikikaa zaidi kwenye baadhi yake.

Hatua ya kwanza: amua unalitaka kwa kazi gani

Mtu anayetaka gari la kwenda shambani Kibosho na kurudi na mikungu ya ndizi hana sababu ya kulipa nyongeza ya bei kwa ajili ya viti vya asili na taa za mwaka wake. Anayetaka kulitunza kama mali, ili baada ya miaka kadhaa aliuze kwa mtu anayekusanya magari ya kale, ana kila sababu ya kulipa nyongeza hiyo, na hapaswi kabisa kulipia gari lililobadilishwa. Andika jibu lako kwenye karatasi kabla ya kukutana na muuzaji, kwa sababu mbele ya gari lililopigwa rangi mpya ya kijani watu wengi hubadilisha sababu zao bila kujua.

Hatua ya pili: tambua hasa ni gari gani

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948. Matoleo ya mwanzo huitwa Series: Series I iliendelea hadi 1958, Series II hadi 1961, Series IIA hadi 1971 na Series III hadi 1985. Gari la 110 lilitoka mwaka 1983 na la 90 mwaka uliofuata, yote mawili yakiwa na springi za koili badala ya zile za pleti, na jina la Defender lilianza kutumika mwaka 1990. Namba kama 88 na 109, ambazo watu huzitaja kana kwamba ni majina, ni urefu kwa inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma.

Usitegemee mwaka unaotajwa na dalali. Fungua mlango utazame dashibodi: kama mita za mwendo na mafuta ziko katikati, hilo si Series III, kwa sababu Series III ndiyo iliyozihamishia mbele ya dereva. Tazama na taa kubwa, ambazo katika magari ya miaka ya mwanzo zimekaa katikati karibu na grili, na baadaye, mwishoni mwa kipindi cha IIA, zikahamia kwenye fenda. Gari lenye dashibodi ya aina moja na uso wa aina nyingine limeunganishwa kutoka magari mawili. Hilo si kosa la jinai, lakini bei yake haiwezi kuwa ya gari la asili.

Kisha uliza injini. Series nyingi zilitoka na injini ya petroli au dizeli ya lita 2.25. Defender nyingi zilizopo kwetu zina injini za dizeli za 200Tdi, 300Tdi na Td5, na hii ya mwisho inaendeshwa kwa umeme wa kompyuta, jambo linalomlazimu mwenye gari awe na fundi mwenye kifaa cha kuisoma. Wapo pia walioiondoa injini ya asili wakafunga ya Isuzu au Nissan. Kwa kazi ya shamba sioni ubaya, na pengine gari limekuwa bora kuliko lilivyokuwa, lakini kwa mkusanyaji thamani imeshuka, na namba ya injini hiyo ni lazima iwe imeandikwa kwenye kadi.

Jambo moja ni la Arusha hasa. Mji huu una karakana zenye ustadi mkubwa wa kukata chasisi ya gari la utalii, kuirefusha ili viti viongezeke, na kutoboa paa ili wageni wasimame watazame wanyama. Gari la namna hiyo lilifanya kazi yake vizuri mbugani, lakini chasisi iliyokatwa na kuungwa haitarudi kuwa ya asili hata ikifupishwa tena. Pima umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma kwa futi kamba. Gari la 110 linapaswa kutoa takriban sentimita 279, na likizidi hapo, tafuta mahali lilipoungwa.

Hatua ya tatu: soma karatasi kabla ya kulala chini ya gari

Watu wengi huanza na injini na kuishia na kadi. Ninashauri kinyume chake, kwa sababu kusoma kadi hakugharimu kitu, na magari mengi hukataliwa hapo hapo.

Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na mahali springi inaposhikiliwa. Chukua brashi ya waya na kitambaa chenye mafuta ya taa, safisha taratibu, kisha linganisha namba moja moja na kadi. Magari ya kuanzia takriban mwaka 1980 yana herufi na tarakimu 17, na huanza kwa SAL. Ya kabla ya hapo yana chache zaidi. Ukikuta sehemu hiyo imesagwa, imechomelewa kipande kipya, au imepakwa rangi nzito kuliko pengine pote, simamisha mazungumzo ya bei mpaka polisi wa usalama barabarani wamelikagua gari na kulithibitisha.

Katika Mkoa wa Kilimanjaro tatizo linalojirudia zaidi ni la mirathi. Gari liko nyumbani Machame au Old Moshi, jina lililo kwenye kadi ni la mzee aliyefariki zamani, na anayekuuzia ni mmoja wa watoto, ambaye pengine ana nia njema kabisa. Hana mamlaka ya kuuza. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na bila hati yake uhamisho wa umiliki hautafanyika, hata kama ukoo mzima umekaa kikao na kukubaliana. Mwambie kwa heshima kwamba utasubiri hati hiyo, na usitoe hata shilingi ya kuzuia gari kabla haijapatikana. Nimeona familia zikigombana kwa miaka kwa sababu ya gari lililouzwa na ndugu mmoja, huku mnunuzi akiwa ameshabadilisha injini na matairi.

Mtego wa pili ni msamaha wa kodi. Land Rover nyingi za kaskazini zilikuja kwa ajili ya misheni, hospitali za makanisa, miradi ya wafadhili na mashirika yasiyo ya kiserikali, na ziliingia bila kulipiwa ushuru. Gari la namna hiyo likienda kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Uliza lilisajiliwa mara ya kwanza kwa jina la nani, na kama lilikuwa na namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili, omba uthibitisho kwamba kodi ililipwa. Kwa gari lililotoka mnada wa serikali, lenye historia ya namba za STK au SU, omba hati ya mnada na stakabadhi ya malipo. Na kwa gari lenye namba za Kenya lililovuka Namanga au Holili kwa kibali cha muda, jibu ni moja: usilipe mpaka forodha wamalizane nalo.

Mwishowe angalia madeni ya faini za barabarani kwa kutumia namba ya gari, na uhakikishe kuwa kadi halisi haijawekwa benki kama dhamana. Anayekuonyesha nakala tu, akisema kadi halisi iko Dar es Salaam kwa shemeji, mpe muda ailete.

Hatua ya nne: lala chini

Hapa ndipo bei inapoamuliwa. Bodi ya Land Rover imetengenezwa kwa aloi ya alumini, kwa kuwa baada ya Vita Kuu ya Pili chuma kilikuwa adimu Uingereza, na ndiyo maana gari la miaka 50 linaweza kung'aa kama la juzi. Lakini chasisi ni ya chuma, imeundwa kama boksi lenye uwazi ndani, na huoza kuanzia ndani kuja nje. Ukuta unaotenganisha injini na abiria nao ni wa chuma. Mnunuzi anayetazama bodi tu anatazama ile sehemu isiyooza.

Vaa nguo za kazi, chukua nyundo ndogo, bisibisi butu, tochi na sumaku. Gonga chasisi kila baada ya sentimita chache, kutoka mbele hadi nyuma, ukisikiliza. Chuma kizima kinalia kwa mlio mkali na nyundo inaruka. Chuma kilichokwisha kinatoa mlio mfu, nyundo inazama kidogo, na vumbi jekundu linadondoka kutoka matundu ya chini. Mlio ukibadilika, bonyeza bisibisi hapo kwa nguvu ya mkono. Ikipenya, umepata jibu. Mwenye gari akikataa lisigongwe, hilo nalo ni jibu.

Maeneo ya kukaa muda mrefu zaidi ni boriti ya nyuma ambako ndoano ya kuvutia hufungwa, mahali springi zinaposhikiliwa, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na sehemu ya juu ya chasisi juu ya ekseli ya nyuma, ambako matope hukaa bila kuonekana. Magari yaliyokaa mashambani yana ugonjwa wake: chini ya migomba udongo haukauki, majani hujaa ndani ya chasisi na kushika maji, na gari lililoegeshwa miaka mingi linaweza kuwa na hali mbaya kuliko lililotembea kila siku. Magari yaliyofanya kazi Natron, Manyara na ndani ya kreta ya Ngorongoro yamekula vumbi la magadi, na magadi yakichanganyika na unyevu hutafuna chuma kwa kasi. Uliza gari lilifanya kazi wapi, na usiridhike na jibu la "safari".

Rangi nyeusi nzito au lami iliyopakwa chini juzijuzi ni sababu ya kuongeza tahadhari. Huenda mwenye gari amelinda chuma chake, na huenda amefunika viraka. Tafuta mabati yaliyochomelewa juu ya mabati mengine: kiraka kimoja kilichofanywa vizuri, kwa chuma cha unene uleule, hakitishi, ila viraka vilivyopandana kama mabaka vinamaanisha kwamba chasisi yenyewe haipo tena. Tumia sumaku kwenye sakafu ya miguu ya dereva na nguzo za milango ya mbele. Isiponasa mahali panapotakiwa kuwa na chuma, hapo kuna puti. Na pale alumini inapokutana na chuma, hasa chini ya milango, poda nyeupe inaonyesha kwamba metali hizo mbili zinakulana.

Chasisi iliyokwisha ina tiba. Chasisi mpya zinatengenezwa Uingereza, nyingine zikiwa zimepakwa zinki, lakini kuisafirisha, kuilipia ushuru na kulivua gari zima hadi mifupa ili kulifunga upya ni mradi wa miezi, na namba ya chasisi inaleta kazi nyingine ofisini. Kwa maoni yangu gari lenye chasisi ya namna hiyo linapaswa kuuzwa kwa bei ya spea, hata kama ni la mwaka unaotafutwa sana.

Hatua ya tano: injini ikiwa baridi, kisha mlimani

Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, na ukifika shika boneti na rejeta. Zikiwa na joto, mtu ameogopa ulione likiwaka asubuhi. Dizeli nzuri inawaka haraka na moshi unakata baada ya muda mfupi. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua, na moshi mweupe usiokwisha huku maji yakipungua ni dalili ya gaskiti ya silinda hedi. Fungua kifuniko cha oili: utando wa rangi ya maziwa una maana maji na oili vimekutana. Injini za 200Tdi na 300Tdi zina silinda hedi ya alumini, nayo hupinda gari likichemsha hata mara chache. Zote mbili hutumia mkanda wa taimingi, na mkanda ukikatika valvu hugonga pistoni. Kama hakuna stakabadhi inayoonyesha ulibadilishwa lini, uhesabu kuwa haujabadilishwa.

Oili kidogo inayovuja chini ya Land Rover isikukimbize. Kinachostahili kupigiwa hesabu ni tufe za chuma zilizo nyuma ya magurudumu ya mbele, ambazo zikiwa na vishimo vya kutu hukata sili kila zinapofungwa mpya.

Jaribio la kweli linafanyika kwenye mwinuko, na sisi hatuna upungufu wa miinuko. Ukiwa Moshi, pita Himo upande Marangu hadi karibu na geti la hifadhi, lililo juu ya mita 1,800, ilhali mji wenyewe uko chini ya mita 1,000. Ukiwa Arusha, panda Monduli Juu, au kama mwenye gari ni mwelewa, nendeni Mto wa Mbu na kuukwea ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Karatu. Tazama geji ya joto njia nzima. Gia isichomoke unapoachia mafuta kwenye mteremko, klachi isiteleze kwenye gia ya tatu, breki zisivute upande mmoja. Simama mahali penye udongo, ingiza gia ndogo, na usikilize difu zote mbili. Kwenye Series, kumbuka kwamba IIA haina sinkronaizi, yaani kifaa kinachofanya gia iingie bila kukwaruza, kwenye gia ya kwanza na ya pili, kwa hiyo ukwaruzaji wa mwanzo unaweza kuwa wa dereva asiyezoea. Kwenye Series III gia zote za mbele zinapaswa kuingia bila kelele.

Fundi uende naye, na awe wako. Mlipe posho yake ya siku, na mjue kabisa kwamba hatapata cha juu kwa muuzaji. Dalali atasema, "Bosi, hii ilikuwa ya mzungu, haijawahi kuguswa." Fundi wako atainama, aangalie bolti za giaboksi, na kama zina alama za spana mpya utajua limeguswa mara ngapi.

Hatua ya sita: piga hesabu kutoka chini kwenda juu

Kosa linalowagharimu wanunuzi ni kuanza na bei ya muuzaji na kuomba punguzo. Anza na bei ya gari kama hilo likiwa zima, ile ambayo umeithibitisha kwa kuulizia magari mengine hapa nchini. Usitumie bei za Ulaya unazoziona kwenye intaneti, kwa sababu zile ni za magari yaliyokwisha kukarabatiwa, katika soko ambalo wewe huuzi.

Tuchukue mfano wa namba tu. Muuzaji anataka milioni 40. Gari la aina hiyo likiwa zima linauzwa milioni 48. Fundi wako ameorodhesha breki, klachi, bushi, matairi matano na nyaya, akasema milioni 9. Ongeza theluthi, kwa kuwa Land Rover kuukuu haijawahi kufunguliwa bila kuonyesha kingine, iwe milioni 12, kisha weka milioni 1 ya uhamisho na bima. Bei yako ya juu kabisa ni 48 kutoa 13, yaani milioni 35. Kwa bei ya muuzaji utakuwa umelipa milioni 53 kwa gari la milioni 48. Akikataa 35, shukuru, mwachie namba yako ya simu na uondoke.

Kwenye hesabu hiyo ongeza matumizi. Injini ya petroli ya lita 2.25 hutembea takriban kilomita 5 hadi 6 kwa lita, kwa hiyo Moshi hadi Arusha, kama kilomita 80, utaunguza lita 13 hadi 16. Uliza pia bima kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya kampuni husita kutoa bima kubwa kwa gari la umri huo bila ripoti ya mthamini, na gari la thamani lenye bima ndogo pekee ni hasara inayosubiri ajali.

Wanaofikiria kuagiza kutoka Uingereza wakumbuke ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, ambazo kwa pamoja zinakaribia nusu ya thamani ya gari pamoja na usafirishaji na bima yake, kabla ya ushuru wa bidhaa na nyongeza ya uchakavu. Kwa gari la kale, lililopo hapa likiwa na chasisi nzima karibu kila mara ni nafuu zaidi.

Hatua ya saba: lipa na uhamishe siku hiyo hiyo

Andikeni mkataba wa mauziano mbele ya wakili, ukitaja namba ya chasisi na ya injini, na mwenye gari asaini mwenyewe. Lipa kupitia benki. Kila mmoja awe na TIN na kitambulisho cha taifa, na uhamisho uanze TRA siku hiyo hiyo, kwa sababu muuzaji aliyekwisha kupokea fedha zote huwa mgumu kupatikana. Ada ya uhamisho na ushuru wa stempu ziwe zimetajwa kwenye mkataba ni za nani.

Ukilifikisha nyumbani, usiende nalo popote mbali kabla hujabadilisha oili ya injini, giaboksi, boksi la gia ndogo na difu zote mbili, maji ya rejeta, mafuta ya breki, na mkanda wa taimingi kama injini yake inao. Osha chasisi kwa maji ya presha, ndani na nje, iache ikauke kabisa juani, kisha pulizia nta au oili ndani ya matundu yake, na urudie kazi hiyo kila mwaka kabla ya masika.